Kifo na maombolezo katika Upagani mamboleo

Upagani mamboleo ni jina la jumla la jumuiya za kidini zilizochipuka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, hasa katika karne ya 20, kwa nia ya kuzihuisha dini za Ulaya zilizotangulia Ukristo. Miongoni mwake zimo Wicca, vyama vya Wadruidi, na jumuiya zinazoabudu miungu ya kale ya Skandinavia. Wafuasi wake wamejichagulia wenyewe jina la Wapagani, kwa hiyo makala hii haihusu dini za jadi za Kiafrika, ambazo ziliitwa hivyo na watu wa nje kwa kuzidharau. Kwa kuwa jumuiya hizi hazina kitabu kimoja kitakatifu wala mamlaka moja ya kuamua mafundisho, zinatofautiana sana kuhusu hali ya mtu baada ya kufa. Kinachozileta karibu ni namna zinavyowatendea wafu na wafiwa.

Imani kuhusu hali baada ya kifo

Katika Wicca, dini iliyotangazwa hadharani na Mwingereza Gerald Gardner (1884–1964), simulizi kuu juu ya kifo ni ile ya mungu wa kike anayeshuka kuzimu, ambayo Gardner aliichapisha mwaka 1954 katika kitabu Witchcraft Today. Mungu huyo anavuliwa mavazi na mapambo yake, kisha anamkabili Mauti na kumuuliza kwa nini anaviangamiza vyote anavyovipenda. Mauti anajibu kwamba uzee na majaliwa ndivyo vinavyonyausha viumbe, na kwamba kazi yake ni kuwapa wanaomfikia pumziko na nguvu ili waweze kurudi duniani. Kwa hiyo fundisho la kuzaliwa upya linatolewa kama jibu kwa swali la aliyefiwa, na tumaini lake si kurudi tu, bali kuzaliwa tena wakati mmoja na mahali pamoja na wapendwa, kukutana nao na kuwatambua. Kati ya maisha na maisha, Wawicca wengi husema roho hupumzika Summerland, nchi ya kiangazi cha daima, jina walilolirithi kutoka kwa watu wa karne ya 19 walioamini kwamba roho za wafu huwasiliana na walio hai.

Wafuasi wa miungu ya Skandinavia wana ramani nyingine. Ingawa Valhalla, ukumbi wa mungu Odin, ndiyo inayojulikana zaidi, masimulizi ya kale yanaitaja kuwa makao ya waliouawa vitani, na wapo wengi wanaotarajia kupokelewa Hel, makao ya wafu wa kawaida, walikotangulia wazee wao. Wapagani wengine hawaamini kwamba nafsi ya mtu huendelea kuwapo; kwao inatosha kwamba mwili hurudi ardhini na kulisha uhai mwingine. Imani zote hizi kwa kawaida hazikioni kifo kuwa adhabu ya dhambi, bali sehemu ya mzunguko uleule wa kupanda, kuvuna na ardhi kupumzika.

Sikukuu ya wafu

Mzunguko huo hudhihirika katika Samhain, sikukuu ya asili ya Ireland iliyoashiria mwisho wa mavuno, ambayo Wapagani wa kaskazini mwa dunia huiadhimisha tarehe 31 Oktoba hadi 1 Novemba, huku wengi wa Australia wakiifanya mwishoni mwa Aprili, majira yao ya vuli. Huaminika kwamba wakati huo utengano kati ya walio hai na wafu hupungua. Kwa hiyo hutengwa kiti na chakula kwa ajili ya marehemu, picha zao huwekwa madhabahuni, na majina yao husomwa kwa sauti. Katika ibada ya Spiral Dance, inayofanyika San Francisco tangu mwaka 1979, waliofariki katika mwaka uliotangulia ibada hutajwa pamoja na watoto waliozaliwa.

Maziko na sheria

Haki ya Wapagani ya kuzika kwa desturi zao imepatikana kwa kuipigania. Mtangulizi mashuhuri ni William Price, daktari wa Wales aliyejitangaza kuwa mkuu wa Wadruidi. Alipofiwa na mwanawe mchanga Januari 1884, alijaribu kuuchoma mwili wake kilimani Llantrisant, akakamatwa na kushtakiwa Cardiff, ambako jaji aliamua kwamba kuchoma maiti si kosa mradi hakuleti kero kwa umma. Uamuzi huo uliifungulia njia desturi iliyowekewa sheria Uingereza mwaka 1902. Nchini Marekani, baada ya kesi iliyoungwa mkono na jumuiya ya Circle Sanctuary, serikali ilikubali tarehe 23 Aprili 2007 nyota ya ncha tano ndani ya duara, alama ya Wicca, ichongwe kwenye makaburi ya askari. Kabla ya hapo kulikuwa na familia za wanajeshi zilizonyimwa alama hiyo huku za dini nyingine zikiruhusiwa. Circle Sanctuary ina makaburi yake huko Wisconsin, na Wapagani wengi hupendelea maziko ya asili, ambamo maiti haitiwi dawa za kuihifadhi, huvikwa sanda au kuwekwa katika jeneza linalooza, na mara nyingi mti hupandwa juu ya kaburi.

Maombolezo

Mwaka 1997 mwandishi Starhawk, M. Macha NightMare na wenzao wa jumuiya ya Reclaiming walichapisha The Pagan Book of Living and Dying, mkusanyiko wa sala, ibada na ushauri kwa wanaokaribia kufa na wanaowauguza. Kazi za namna hii zinasisitiza kwamba imani ya kuzaliwa upya haipaswi kutumiwa kumnyamazisha anayelia. Msimamo huo unaafikiana na simulizi ya kuzimu, kwa maana hata mungu wa kike haambiwi kwamba amekosea kulalamika.

Hata hivyo, Wapagani wengi ni waumini wa pekee ndani ya familia za Kikristo au zisizo na dini, na anapofariki mmoja wao, ndugu wanaweza kumzika kwa taratibu ambazo hakuzitaka. Kwa sababu hiyo jumuiya huwahimiza wafuasi kuandika mapema wosia wa maziko, na pale ambapo wosia haukuwapo au haukufuatwa, wenzake hukutana baadaye kumfanyia ibada yao, ili waliomfahamu katika imani hiyo nao wapate mahali pa kumlilia.