Mlinganyo wa Ushindani: Kutoka Spishi hadi Lugha za Kamina

Swali la jinsi viumbe wanaogombea riziki moja wanavyoweza kuishi pamoja lilikuwa la wanahisabati kabla halijawafikia wanaisimu. Mwaka 1838 Mbelgiji Pierre-François Verhulst alionyesha kwamba idadi ya watu haiongezeki bila kikomo, bali kasi yake hupungua kadiri inavyokaribia upeo wa kile ambacho mazingira yanaweza kukimu. Juu ya msingi huo Vito Volterra, mwanahisabati wa Italia, alijenga mwaka 1926 milinganyo ya spishi mbili zinazoshindania chakula kimoja. Alfred Lotka, huko Marekani, alikuwa amekwisha kuchapa kitabu chake mwaka uliotangulia, na ndiyo sababu milinganyo ya aina hiyo hubeba majina yao wote wawili.

Aliyeipeleka nadharia hiyo maabarani ni Georgy Gause wa Moscow. Katika kitabu chake cha mwaka 1934 alieleza jinsi alivyofuga vijidudu vya jamii ya paramesia katika mirija ya kioo. Spishi mbili zilizokula chakula kile kile zilipowekwa pamoja, moja ilistawi na nyingine ikatoweka. Alipobadilisha mmojawapo wa washindani matokeo yaligeuka: mmoja alijilisha bakteria sehemu ya juu ya mrija, mwingine akashuka chini kwenye hamira, na wote wawili wakadumu. Kwa lugha ya mlinganyo, spishi mbili hukaa pamoja endapo kila moja inajizuia yenyewe zaidi kuliko inavyoizuia nyingine.

Kongo yenyewe imechangia katika historia hii. Katika Ziwa Tanganyika, upande wa Uvira, Mjapani Michio Hori alichunguza samaki anayekula magamba ya samaki wengine, na mwaka 1993 akatangaza matokeo yake. Ndani ya spishi hiyo moja wamo wenye mdomo uliopinda kulia na wenye mdomo uliopinda kushoto, na kila kundi hushambulia ubavu mmoja tu wa windo. Kundi moja likizidi, mawindo hujihadhari zaidi upande linaotokea, na kundi lililo chache hupata nafasi. Hivyo makundi yote mawili hubaki karibu na nusu kwa nusu. Hapa uchache ni faida, na faida hiyo ndiyo inayolinda kuwapo kwa wote.

Milinganyo ya namna hii ilipohamishiwa kwenye lugha, jambo hilo lilipinduka. Mwaka 2003 Daniel Abrams na Steven Strogatz walichapa katika jarida la Nature modeli fupi ambamo lugha huvuta wasemaji kwa mambo mawili: idadi ya wanaoisema tayari na hadhi yake katika jamii. Walitumia takwimu za Kiwelisi, Kigaeli cha Uskoti na Kikwechua. Katika modeli yao wingi huzaa wingi, kinyume kabisa cha samaki wa Uvira, na hatima ni moja: lugha moja hubaki peke yake. Lakini modeli hiyo ilikuwa na upungufu ambao mkazi yeyote wa Katanga angeuona mara moja. Haikuwa na mtu anayesema lugha mbili.

Kamina ni mji wa reli. Uko katika nchi ya Waluba, na ulikua pamoja na njia ya BCK iliyofika hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, mwaka 1928. Kiswahili, kilichokuwa kimekwisha kuingia Katanga pamoja na wafanyabiashara wa msafara katika karne ya 19, kilikita mizizi katika migodi na kambi za wafanyakazi, kisha kikaifuata reli. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wabelgiji walijenga hapo kambi kubwa ya kijeshi, na Lingala, lugha ya askari tangu enzi ya Force Publique, ikapata makao. Kifaransa kilishika shule na ofisi. Kiluba (ambacho kisichanganywe na Kiluba cha Kasai, yaani Chiluba) hakikuondoka: ni lugha ya ukoo, ya matanga, ya majina na ya vijiji vinavyoulisha mji. Mama auzaye samaki wa maziwa ya Upemba hupanga bei kwa Kiswahili na mgeni, akageuka kumwita binamu yake kwa Kiluba, wala hahisi kwamba amehama kutoka kundi moja kwenda jingine.

Mwaka 2005 Jorge Mira na Ángel Paredes waliingiza kundi la wasemaji wa lugha mbili, wakitazama Kigalisia na Kihispania huko Galicia, na wakapata kwamba lugha zinazokaribiana zinaweza kudumu pamoja. Kiluba na Kiswahili ni za Kibantu zote mbili, zenye ngeli na vitenzi vya umbo moja, kwa hiyo matokeo hayo yanatia moyo. Hata hivyo ukaribu huo unasaidia tu ikiwa mgawanyo wa matumizi unabaki, kama bakteria na hamira katika mrija wa Gause. Kiswahili kikiingia jikoni, Kiluba hakina mahali pa kushuka. Katiba ya mwaka 2006 inataja lugha 4 za taifa, na Kiluba hakimo. Kamusi yake kubwa, ya Van Avermaet na Mbuya, ilitoka mwaka 1954. Sensa ya mwisho ya nchi ilifanyika mwaka 1984. Kipimo kinachohitajika Kamina, basi, hakitatoka kwenye majedwali ya serikali, bali katika kuhesabu, mtaa kwa mtaa, lugha ambayo bibi humwitia mjukuu wake.