Ufuasi wa Kikristo, Musienene

Musienene ni parokia ya Kikatoliki katika Lubero, kusini ya Butembo, Kivu ya Kaskazini, pande ambako Injili ilihubiriwa na mapadre wa Shirika la Asumpsio, waliofika Beni mwaka 1929. Ufuasi, yaani kumwandama Kristo kwa imani, sadaka na utumishi, huku haukupata kuwa elimu ya vitabuni tu: siku ya matoleo akina mama wa kabila la Wanande huingia kanisani wameinama kidogo, ukanda wa kikapu umekaza pajini pa uso, na ndani mna maharage, viazi na ndizi, ambavyo baada ya Misa aghalabu huwa riziki ya fukara na wagonjwa. Fedha ni haba, kikapu hakidanganyi.

Kielelezo kikubwa cha ufuasi huo ni Emmanuel Kataliko, aliyezaliwa 1932, askofu wa jimbo la Butembo-Beni toka 1966 hata 1997, ambaye zama zake Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilifunguliwa Butembo, mwaka 1989. Alipokwisha kuhamishiwa Bukavu, waraka wake wa Noeli ya 1999, ulioshutumu dhuluma waliyotendewa raia, uliwaghadhibisha waasi wa RCD (Rassemblement congolais pour la démocratie), nao wakamfukuza Februari 2000. Alirejea Septemba, na tarehe 4 Oktoba akafariki Roma.

Tangu 2014, mauaji yalipozidi upande wa Beni, ihsani imepata sura nyingine: mwenye vyumba viwili hupokea familia nzima ya wakimbizi, wakila sufuria moja hata akiba ya mwenyeji ikaisha kabla ya mavuno.