Hati ya bima ya moto na viambatisho vyake

Hati ya bima ya moto ni mkataba unaolinda jengo, bidhaa au vifaa. Kwa mwenye duka sokoni Ekalakala, eneo la Masinga katika Kaunti ya Machakos, hati ya kawaida hulipia hasara ya moto na radi. Mafuriko na ghasia huongezwa kwa kiambatisho, karatasi inayobadilisha masharti. Kiambatisho kikipingana na hati, kwa kawaida kiambatisho ndicho hufuatwa. Kifungu kinachouma wengi ni cha wastani: bidhaa za shilingi 1,000,000 zikikatiwa bima ya 500,000, hasara ya 200,000 hulipwa 100,000 tu. Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, hudai ada ilipwe kabla ya kinga kuanza. Wizi haumo katika hati hii; una bima yake.