Mbwa Aliyevuka Bara kwa Motokaa

Msomaji mpenzi, ukisimama kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, na kuendelea hata Malaba mpakani mwa Uganda, utaona malori yakipita mchana na usiku bila kukoma. Ndani ya kila lori yumo dereva, na mara nyingi ubavuni pake yumo mtu wa pili, ambaye sisi humwita taniboi. Mtu huyo huangalia magurudumu, hufunga turubai, huweka mawe nyuma ya matairi lori lisimamapo mlimani, na zaidi ya hayo huzungumza na dereva ili usingizi usimchukue. Kazi ya kuendesha gari masafa marefu ni kazi ya upweke, na mpweke hutafuta mwenzi.

Siku moja niliwaeleza wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu kwamba huko Marekani wako madereva wa malori ambao mwenzi wao wa safari si mtu bali ni mbwa. Darasa zima lilicheka. Mwanafunzi mmoja akainua mkono akasema, "Mwalimu, mbwa atafaa nini garini? Hawezi kubadili gurudumu wala kusoma kibao cha njia." Lilikuwa swali la haki, nami siku ile sikuwa na jibu la kumtosheleza. Insha hii ndiyo jibu langu. Nalo halianzi na malori, kwa sababu desturi ya dereva kufuatana na mbwa ni kongwe kuliko lori lenyewe.

Kabla ya injini, gari lilivutwa na farasi. Katika Uingereza ya karne ya 18 na ya 19, watu wenye mali walipenda magari yao yafuatane na mbwa weupe wenye madoadoa meusi, wa aina iitwayo Dalmatian. Mbwa hao walikimbia kando ya farasi, na dereva alipopumzika walilinda farasi na mizigo. Angalia neno hilo, msomaji: walikimbia. Mbwa wa zamani zile hakupandishwa garini. Alikuwa mtumishi, na mtumishi alikwenda kwa miguu yake.

Zikaja reli, na mbwa akapanda gari. Mwaka 1888, katika mji wa Albany, Marekani, mbwa koko mmoja alifanya makao katika nyumba ya posta. Makarani walimpa jina la Owney. Yasemekana alipenda harufu ya mifuko ya barua kuliko kitu kingine chochote; mifuko ilipopakiwa katika gari la moshi, naye alipanda akalala juu yake. Basi akawa msafiri. Kila mji aliofika, watu walimfunga kibati shingoni kuwa alama ya ziara yake, hata vibati vikawa vingi mno. Makarani walimpenda kwa sababu waliamini kuwa gari alilopanda Owney halikupata ajali, na katika siku zile ajali za reli zilikuwa nyingi. Mwaka 1895 alizungushwa dunia kwa meli na kwa reli.

Lakini mwisho wake haukuwa mwema. Alizeeka, na jicho lake moja likaharibika. Mwezi wa Juni mwaka 1897, katika mji wa Toledo, alifungwa mnyororo, akamwuma mfanyakazi wa posta, kisha akapigwa risasi akafa. Makarani walikusanya fedha ili mwili wake uhifadhiwe, na hata leo umo katika Makumbusho ya Posta mjini Washington. Kumbuka habari ya Owney, kwa maana nitairudia.

Sasa tuje kwenye motokaa. Mwezi wa Mei mwaka 1903, katika klabu moja ya mji wa San Francisco, wanaume walibishana juu ya chombo hicho kipya. Wengi walisema kuwa motokaa ni mchezo wa matajiri tu, na kwamba haiwezi kuvuka bara la Marekani kutoka pwani ya magharibi hata pwani ya mashariki. Daktari mmoja mwenye umri wa miaka 31, jina lake Horatio Nelson Jackson, mkazi wa jimbo la Vermont, alikataa. Akaweka dau la dola 50 kwamba yeye atafika New York kwa muda usiozidi siku 90. Tena wakati alipotoa ahadi hiyo hakuwa na motokaa.

Ahadi ni deni. Kwa siku chache tu Jackson alinunua motokaa iliyokwisha tumika, ya kampuni ya Winton, yenye nguvu za farasi 20. Haikuwa na paa wala kioo cha mbele. Aliipa jina la Vermont. Kisha akamwajiri kijana fundi, Sewall Crocker, wa umri wa miaka 22, na tarehe 23 Mei wakaondoka. Hawakukata njia ya moja kwa moja kwenda mashariki, kwa sababu mwaka 1901 Alexander Winton mwenyewe, mwenye kiwanda kilichotengeneza motokaa hiyo, alijaribu njia hiyo akanasa katika mchanga wa jangwa la Nevada. Walielekea kwanza kaskazini, hata jimbo la Oregon, ndipo wakageuka.

Ili upime ugumu wa safari hiyo, itazame nchi yetu mwaka huo huo wa 1903. Reli kutoka Mombasa hata Kisumu ilikuwa na umri wa miaka miwili tu tangu ifike ziwani mwaka 1901, na mzigo ulioacha reli ulichukuliwa na wapagazi. Huenda ukadhani kuwa Marekani ilikuwa imetutangulia mbali. Katika reli, naam. Lakini katika barabara haikuwa hivyo. Nje ya miji njia zilikuwa ni nyayo za farasi na magari ya mizigo, mito mingi haikuwa na madaraja, na vituo vya petroli havikuwako kabisa. Siku moja mwanamke mmoja aliwaelekeza njia isiyo yao, mwendo wa maili nyingi, kwa sababu alitaka jamaa zake waione motokaa. Gololi za gurudumu la mbele zilipoharibika, Crocker alitia mahali pake gololi za mashine ya mkulima ya kukatia majani. Walipopotea katika jimbo la Wyoming, walikaa saa 36 bila chakula, hata wakaokolewa na mchungaji wa kondoo aliyewapa nyama na mahindi.

Katika safari ya namna hiyo ndimo alimoingia mbwa. Tarehe 12 Juni, karibu na mji wa Caldwell katika jimbo la Idaho, Jackson alimpata mbwa mchanga mwenye mwili wa kukazana na taya pana. Jina lake Bud. Alikaa mbele pamoja na mabwana zake, akitazama njia. Baada ya siku chache alijifunza kutambua shimo au jiwe kabla gari halijafika, akajikaza mwili kuungoja mshindo. Lakini njia za nchi ile zilikuwa na vumbi la magadi lenye kuwasha, nalo likamjaa machoni hata yakawa mekundu. Jackson na Crocker walivaa miwani ya kukinga vumbi. Basi Jackson akamvika Bud miwani kama yao.

Picha zilizopigwa njiani zinamwonyesha Bud ameketi kwa utulivu, miwani usoni, kama mzee wa baraza. Kila mji walioingia watu walisongamana, na mbwa alitazamwa sawasawa na motokaa. Baadaye Jackson alitania kuwa katika wasafiri wale watatu, Bud alikuwa peke yake ambaye hakutoa neno la matusi safari nzima.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa maana tunasoma historia, si hadithi. Je, Bud alipatikanaje? Magazeti ya wakati ule hayakupatana. Moja lilisema hivi na jingine vile, na miongoni mwa habari zao imo kuwa mbwa yule aliibwa. Lakini Jackson, katika barua aliyomwandikia mkewe Bertha, alisema kuwa alimnunua kwa mtu kwa dola 15. Tumsadiki nani? Mwandishi wa gazeti alitaka habari ya kuwafurahisha wasomaji wake. Jackson alikuwako, alitoa fedha kwa mkono wake, na alimwandikia mke wake pasipo kuwa na faida ya uongo. Kwa hiyo twaipa barua uzito zaidi. Hata hivyo twakumbuka kuwa mwizi naye huweza kusema alinunua! Kazi ya mwanahistoria ni kupima mashahidi: nani alikuwa karibu, nani alikuwa na sababu ya kutia chumvi. Ukijifunza hilo kwa habari ya mbwa mmoja, utalitumia katika habari za vita na za wafalme.

Tarehe 26 Julai 1903, kabla ya mapambazuko, motokaa Vermont iliingia New York. Zilikuwa zimepita siku 63 na saa 12 na nusu tangu ilipotoka San Francisco, na maili zipatazo 4,500. Jackson alikuwa ametumia kiasi cha dola 8,000 ili ashinde dau la dola 50. Alikuwa wa kwanza kuvuka bara lile kwa motokaa, pamoja na Crocker, pamoja na Bud. Crocker alikufa kijana, mwaka 1913. Bud aliishi nyumbani kwa Jackson huko Vermont maisha yake yote. Mwaka 1944 Jackson aliitoa motokaa ile kwa makumbusho ya taifa mjini Washington, pamoja na miwani ya mbwa wake. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1955.

Sasa, msomaji, waweke mbwa hawa wawili mbele yako. Wote walikuwa wasafiri wenye sifa. Wote walipendwa na maelfu. Mmoja alikufa kwa risasi, na mwingine aliishi nyumbani kwa bwana wake maisha yake yote. Tofauti ilikuwa nini? Owney alikuwa mbwa wa posta yote, maana yake hakuwa mbwa wa mtu yeyote. Kila karani alimpa kibati, na vibati vikamlemea shingo, siku alipokuwa mzee na mwenye hasira hapakuwa na mmoja wa kusema, "Huyu ni wangu, mniachie." Bud alikuwa na mtu mmoja wa kujibu kwa ajili yake. Siku chache baada ya kununuliwa alikunywa maji mabaya akaugua, naye aliuguzwa hata akapona. Vumbi lilipomwumiza, alipewa kinga ile ile aliyokuwa nayo bwana wake. Wazee walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko. Lakini mbwa aliye garini hauoni ufuko ila kwa macho ya dereva, kwa kuwa hakuichagua safari wala hawezi kuikatiza.

Hilo ndilo jambo wanalopaswa kulikumbuka madereva wa malori wa leo wanaosafiri na mbwa. Katika Marekani sheria humruhusu dereva wa lori la mizigo kuendesha saa 11 tu, kisha sharti apumzike saa 10 mfululizo. Wengi hulala katika kitanda kilichomo ndani ya lori, nao hukaa mbali na nyumbani majuma kadhaa. Mbwa huwapunguzia upweke, hubweka mtu akikaribia gari usiku, na humlazimisha dereva kushuka na kunyosha miguu, jambo lililo dawa kwa mtu aketiye mchana kutwa. Kwa sababu hiyo baadhi ya kampuni huwapa ruhusa, na nyingine hukataza. Lakini mbwa hatoki jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema. Lori lililofungwa madirisha juani huwa tanuri kwa muda mfupi, na mbwa aliyesahauliwa humo hufa. Tena sharti achanjwe kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao hata leo unaua watu katika Afrika na Asia. Asiyeweza kutimiza hayo amwache mbwa nyumbani, na huko ndiko kumpenda.

Najua kuwa wengi wetu, hasa sisi tuliolelewa pwani, hatumkaribishi mbwa karibu na nguo zetu kwa ajili ya tohara. Desturi hiyo haivunjwi na insha hii. Lakini hata Watu wa Pangoni, ambao habari zao tulifundishwa chuoni tukiwa wadogo, walikuwa na mbwa wao kizingitini, na habari yao haisimuliwi pasipo yeye.

Basi, kwa mwanafunzi aliyeniuliza mbwa atafaa nini garini, jibu langu ni hili. Kweli hawezi kubadili gurudumu. Bud hakubadili hata moja katika maili zake zote, wala hakusukuma gari matopeni. Alikaa tu pamoja na watu wawili waliochoka, akaitazama njia pamoja nao. Watu wale waliona kuwa hiyo ni kazi ya kutosha kumpa kiti cha mbele, sehemu ya chakula chao, na miwani. Nawe siku utakapomchukua mwenzi yeyote katika safari yako, awe mtu au mnyama, jiulize kwanza swali moja: vumbi litakapotimka, nimemwekea miwani yake?