Kovu Ndani ya Moyo

Hapa kwetu Kiritiri kila mtoto aliyepata kuota moto ajua kwamba kidole kilichoungua hakisemi kweli siku ile ile. Ngozi iliyodhaniwa imekufa hupona, na iliyodhaniwa nzima hubanduka. Msomaji, kikumbuke kidole hicho, kwa maana nitakusimulia habari ya moto unaotiwa kwa makusudi ndani ya moyo wa mtu aliye hai.

Moyo hupiga kwa amri ya umeme mdogo upitao katika nyama yake. Umeme huo ukipotea njia, moyo huenda mbio bila mpango. Mwaka 1982 Melvin Scheinman na wenzake wa San Francisco walitangaza kwamba wamepitisha waya mwembamba katika mshipa wa damu hadi moyoni, wakaikata njia ya umeme kwa kuiunguza, pasipo kupasua kifua. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre wa Bordeaux, Ufaransa, alichunguza wagonjwa 45 akaonyesha kwamba mara nyingi ghasia huanzia katika mishipa iletayo damu kutoka mapafuni. Tangu hapo madaktari huizungushia midomo ya mishipa hiyo ua wa makovu, kama sisi tuzungushiavyo miiba zizi la mbuzi. Kwani kovu halipitishi umeme.

Lakini ua wenye pengo si ua. Nyama ikipata joto la digrii 50 hivi hufa. Pembeni, palipo na joto pungufu, huzimia tu. Iliyozimia nayo haipitishi umeme, hivyo kipimo cha siku ile husema kazi imekwisha. Majuma yakipita uvimbe hushuka, nyama huamka, na moyo huanza tena mbio zake. Wagonjwa wengi wamerudishwa mezani kwa sababu hiyo. Kwangu mimi, kulipima kovu ni kugumu kuliko kulichoma.

Makovu ya moyo si mageni Afrika ya Mashariki. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, aliyefanya kazi Kampala, aliandika juu ya wagonjwa wa Uganda ambao ugonjwa ulikuwa umeifunika mioyo yao kwa ndani na kovu gumu. Yeye aliyaona katika maiti. Siku hizi mashine ya sumaku huonyesha kovu mtu angali akipumua: hutiwa mshipani dawa yenye madini ya gadolini, nayo hukawia palipo na kovu. Hata hivyo hukawia katika uvimbe pia, na picha ya siku ya kwanza yaweza kudanganya. Basi mgonjwa huambiwa angoje miezi mitatu hivi, naye huingoja akisikiliza kifua chake usiku, hata uvimbe unywee na kovu lionekane lilivyo.