Amboseli: Nani Anatengeneza Pampu?

Ile picha ya ndovu na mlima Kilimanjaro nyuma yake umeiona, bana. Iko kwa kalenda, iko kwa matangazo. Sasa nikuulize: huyo ndovu akitoka kwa picha, anaenda kula wapi?

Mbuga ya Amboseli ni kilomita mraba 392 tu. Mvua ikinyesha, wanyama wengi wanatoka na kutawanyika kwa malisho ya Wamaasai. Kiangazi kikikaza, wanarudi kwa vinamasi vya ndani, kwa sababu huko maji hayakauki. Lakini ng'ombe pia walikuwa wakinywa hapo hapo, kabla serikali yoyote ichore mpaka.

1948 wakoloni walipafanya hifadhi. 1961 ikawekwa chini ya baraza la Kajiado. Halafu 1974 serikali ikachukua ile sehemu ya maji, ikaifanya mbuga ya taifa. Morani wengine wakajibu kwa mikuki, wakaua vifaru na ndovu. Hawakuwa wanatafuta nyama. Hayo yalikuwa maandamano.

Ndio yakaja makubaliano: nyinyi tokeni vinamasini, sisi tutawaletea maji kwa bomba. Bomba likakamilika 1977, na watu wakatoka kweli. Miaka michache baadaye mitambo ikaharibika, maji yakakatika. Ng'ombe wakarudi vinamasini. Sasa hapo utasema nani alivunja ahadi?

Mimi niliacha chuo kabla ya digrii, lakini hii haitaki digrii. Neno "ushirikiano" ni tamu sana kwa mikutano ya hoteli. Kwa jirani wa mbuga, maana yake ni moja: pampu ikiharibika, nani anakuja kuitengeneza?

Wenyeji wa Kimana hawakungoja. 1996 walifungua hifadhi yao wenyewe, kwa ardhi yao. 2005 naye Rais Kibaki akatangaza kurudisha Amboseli kwa baraza la Kajiado, wiki chache kabla ya kura ya maamuzi ya katiba. Baadaye mahakama ikafuta. Ona vile mbuga inapeanwa na kunyang'anywa kutoka juu.

Leo mashamba mengi ya pamoja kule yamegawanywa, kila mtu na hati yake. Mwenye shamba akiona ndovu anamsaidia kulipa karo, ataacha njia wazi. Akiona hasara tupu, ataweka fensi ama atauza. Na wewe na mimi tutabaki na kalenda.