Paka wa Msikitini na Suala la Kuwahasi

Wengi wetu tumesikia katika mawaidha kuwa Mtume (S.A.W.) alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake. Kisa hiki hatukukiona katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Aliyesimuliwa hivyo, kama alivyonukuu Imam al-Dhahabi, ni Sheikh Ahmad al-Rifai, aliyefariki mwaka 578 Hijria (1182), na inasemwa kuwa baadaye aliushona mkono ule.

Yaliyothibiti yanatosha. Imam Malik amepokea katika Muwatta kuwa Kabsha bint Ka'ab alimtilia mkwewe, Abu Qatada, maji ya kutawadhia. Akaja paka, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka akanywa. Kabsha alipostaajabu, mkwewe akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba paka si najisi. Na katika Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie.

Waislamu waliotangulia hawakuliacha jambo hili kwenye mimbari tu. Sultani Baybars, aliyetawala Misri kuanzia 1260 hadi 1277, aliweka wakfu bustani karibu na msikiti wake, kaskazini ya Cairo, kwa ajili ya paka. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi mjini humo katika miaka ya 1820 na 1830, aliwakuta paka bado wakilishwa kila alasiri katika ua wa mahakama, kwa gharama ya kadhi, kwani kadhi ndiye msimamizi wa wakfu. Bustani yenyewe ilikwisha uzwa mara nyingi, ikibaki kutoa piasta 15 tu kwa mwaka. (Hali ya wakfu zetu nyingi hapa pwani haiko mbali na hiyo.)

Leo tunaona magunia ya watoto wa paka yakitupwa jalalani au kuachwa mlangoni mwa msikiti. Anayewaokota hupata kazi kubwa: wasiofikisha mwezi mmoja huhitaji maziwa yanayowafaa kila baada ya saa chache, na ya ng'ombe huwaharisha. Na paka jike hubeba mimba kwa siku zipatazo 65, aweza kushika mimba kabla hajatimiza nusu mwaka, na huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kuokota peke yake hakumalizi.

Je, inajuzu kuwahasi? Hapa ndipo penye uzito kwetu, maana sisi wengi ni Mashafii, na Imam Nawawi amesema kuwa mnyama asiyeliwa ni haramu kumhasi. Wanachuoni wa Kihanafi wameruhusu, na al-Fatawa al-Hindiyya, iliyokusanywa India zama za Aurangzeb, inamtaja paka kwa jina lake: hapana ubaya pakiwa na manufaa au kuondosha madhara. Sheikh Ibn Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, alijibu kuwa paka wakiwa wengi na wenye kuudhi, na operesheni isiyowadhuru, hapana ubaya, kwani hilo ni bora kuliko kuwaua.

Sisi tunaona kauli hii ndiyo yenye nguvu zaidi kwa hali yetu, kwa sharti kazi ifanywe na daktari wa mifugo na kwa dawa ya usingizi. Wembe wa fundi wa mtaani haumo katika ruhusa hiyo. Anayeshikamana na kauli ya Imam Nawawi hatumlaumu, lakini na amzuie paka wake jike ndani, na watoto wakizaliwa ni juu yake kuwalisha.